Ncwala ya Wangoni wa Zambia: malimbuko, fahali mweusi, na Februari yetu ya Songea

Kijana wa Lizaboni (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Februari, Songea inakuwa na shughuli moja kubwa: kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji, kilele tarehe 27. Kaburi la pamoja, mashada, hotuba, ngoma ya lizombe. Wengi wetu hatujui kwamba siku hizohizo, ukivuka Ziwa Nyasa na kuimaliza Malawi upande wa magharibi, ndugu zetu wa damu wanakusanyika kwa maelfu kijijini Mutenguleni, nje kidogo ya Chipata, mashariki mwa Zambia. Wanasherehekea Ncwala, malimbuko ya Wangoni wa Mpezeni. Kwa kawaida huwa Jumamosi ya mwisho ya Februari, karibu na tarehe 24.

Nimeona niieleze kwa kirefu, maana mitandaoni watu wanaishia kwenye picha ya fahali anachomwa mkuki, wanashangaa, wanapita. Mambo yenyewe hayapo hapo tu.

Tuanze na asili kwa kifupi, kwa faida ya wasioijua. Zwangendaba wa ukoo wa Jere alikuwa chini ya Zwide, mfalme wa Wandwandwe, huko ambako leo ni Afrika Kusini. Shaka alipompiga Zwide mwaka 1819, Zwangendaba akaondoka na watu wake kuelekea kaskazini. Wakapita Msumbiji, wakapita Zimbabwe, na tarehe 20 Novemba 1835 wakavuka mto Zambezi. Tarehe hiyo inajulikana kwa sababu masimulizi yanasema jua lilipatwa siku ya kuvuka, na kupatwa kwa jua kuna hesabu yake. Wakapanda mpaka Ufipa, kwetu huku, na Zwangendaba akafia Mapupo miaka ya 1840.

Baada ya kifo chake ndipo nyumba ikagawanyika. Mpezeni, mwanawe, akarudi kusini akaishia Chipata, na wanaorithi kiti chake huitwa Mpezeni mpaka leo. Mbelwa, mwanawe mwingine, akashika Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Watuta, kundi jingine la Wangoni, wakaenda mbali zaidi, mpaka Unyamwezini, na Mirambo alijifunza mengi ya vita kutoka kwao. Wengine wakaja Songea, na hao ndio sisi. Wamaseko, Wangoni wa ukoo mwingine, walikuwa msafara wao peke yao. Nao walipita Songea kabla ya kurudi Ntcheu, huko Malawi.

Sasa Ncwala. Msingi wake ni sheria ya kula. Februari shambani mahindi yamebeba lakini hayajakauka, maboga yameanza kufaa, miwa ipo. Ghalani lakini mzigo wa mwaka jana umekwisha au unakwisha. Ndiyo miezi migumu kuliko yote kwa mkulima wa huku kusini. Desturi ikasema: hakuna kugusa zao jipya kabla Nkosi, yaani mfalme, hajalionja. Ukimtazama mtu mwenye njaa aliyezungukwa na mahindi mabichi utaona uzito wa sheria hiyo. Kila mji ukijilia wake kadiri njaa inavyousukuma, kufika Juni hakuna kitakachokauka. Ncwala inaiweka siku moja kwa wote, tajiri na maskini, halafu baada ya hapo kila mtu yuko huru kula.

Siku yenyewe, vikosi vinatoka kwenye maeneo ya machifu walio chini ya Mpezeni, kila chifu na watu wake. Ngozi za chui, za kanu, za tumbili. Ngao za ngozi ya ng'ombe, mikuki, virungu. Vinaingia uwanjani kimoja baada ya kingine kucheza ingoma, mchezo wa mashujaa wa Kingoni. Mazao mapya yanaletwa mbele ya Nkosi. Fahali mweusi anachomwa mkuki na askari aliyeteuliwa, damu inapelekwa kwa Nkosi, anainywa. Nyama inaliwa. Watu wanapiga saluti ya Bayethe.

Jambo lingine linalopitwa: zamani hii ilikuwa pia siku ya kuhesabiana. Kila kikosi kikija na silaha zake, Nkosi anaona kwa macho yake nani amekuja, nani hakuja, nani amekuja na watu wachache kuliko mwaka jana. Sherehe ya mavuno na gwaride la dola vilikuwa kitu kimoja. Mavuno ndiyo yaliyolilisha jeshi, na jeshi ndilo lililolinda mashamba na ng'ombe.

Naamini hili linatuhusu sana sisi wa Ruvuma. Februari yetu imebaki na kaburi peke yake. Nawasilisha, tujadili.

---

Nyasa Upepo

Uzi mzuri mkuu. Swali moja. Unasema wanasherehekea mpaka leo, lakini babu yangu upande wa mama ni wa Chipata na alikuwa anasema utotoni kwake hakuwahi kuiona. Alizaliwa miaka ya 1920. Inakuwaje?

---

Kijana wa Lizaboni

Babu yako alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo penye kiini cha habari.

Mwishoni mwa karne ya 19 Mpezeni alikuwa na mfanyabiashara Mjerumani pale kwake, Carl Wiese. Wiese akapata hati za ardhi na madini kutoka kwa Mpezeni, na hati hizo zikaishia mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Maneno ya dhahabu yakaenea. Wazungu wakaanza kuingia. Mpezeni mwenyewe alikuwa mzee na hakupenda vita, lakini vijana hawakukubali. Aliyewaongoza ni mwanawe, Nsingu.

Januari 1898 vita vikaanza. Waingereza walileta askari kutoka upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), wakiwemo Masikh, na bunduki za rasharasha. Ngao ya ngozi haiwezi kitu mbele ya hizo. Haikuchukua muda, Nsingu akakamatwa na kupigwa risasi. Ilikuwa Februari. Ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na Mngoni wa wakati ule bila ng'ombe hana mahari, hana sadaka, hana pa kushika. Mpezeni akafariki mwaka 1900.

Ncwala ikakatazwa hapohapo. Fikiria ungekuwa mtawala mgeni: ndiyo kwanza umewashinda watu hawa, halafu kila mwaka wanataka wakusanyike wote na mikuki mbele ya mfalme wao, waimbe nyimbo za vita, wachinje fahali. Usingeruhusu. Waliofuta sherehe hii walijua vizuri kuwa ni mkutano wa dola.

Ikarudi mwaka 1980. Toka 1898 hadi 1980 ni miaka 82. Babu yako alizaliwa katikati ya pengo hilo.

Wazulu nao yaliwakuta yaleyale. Sherehe yao ya malimbuko ilikatika baada ya ufalme wao kuvunjwa na Waingereza katika vita vya 1879, na Mfalme Goodwill Zwelithini akairudisha karne iliyofuata. Waswati ndio hawakukatiwa. Incwala yao inafanyika kila mwaka Desemba kuingia Januari, na kule ni jambo la siku nyingi: kuna wanaotumwa kuchota maji ya bahari, kuna vijana wanaokwenda kukata matawi ya lusekwane, ndipo mfalme aonje. Mungu akijalia uhai siku moja niione.

---

Mtumishi wa Bwana

Ndugu zangu, naheshimu historia, ila tusifichane. Kunywa damu mbichi ni ukafiri. Biblia imekataza damu waziwazi. Sasa mnataka kuturudishia mambo haya Songea, mji wenye makanisa kila kona?

---

Mzee wa Matogoro

Mtumishi, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Nijibu kwa taratibu.

Kuhusu damu, una haki ya kukataa, na hata kule Zambia wapo Wakristo wanaosema kama wewe. Sitakushawishi. Lakini malimbuko usiyatupe pamoja na damu. Fungua Walawi 23 kuanzia aya ya 10 uone mganda wa malimbuko unapelekwa kwa nani, na uone aya ya 14 inakataza kula nini kabla ya siku ile. Waisraeli nao waliambiwa wasiguse mkate, wala bisi, wala masuke mabichi mpaka sadaka itolewe. Ni sheria ileile ya kungoja. Mkulima wa Kanaani na mkulima wa Mutenguleni wote walikuwa na njaa ileile ya kabla ya mavuno.

Wabenediktini wamekaa Peramiho tangu mwaka 1898. Watu wa vijiji hivi wamepeleka mahindi na maharage ya mavuno altareni vizazi na vizazi, hakuna aliyeona ni kosa. Kwa hiyo mila ya kushukuru kwa zao la kwanza ipo, haijatutoka. Imebadilisha mlango tu.

---

Mnyalukolo

Watani zangu Wangoni, nawasalimu. Leo siwatanii, maana mada ni nzito. Sisi Wahehe tuliwapiga na nyinyi mlitupiga, mpaka tukapatana mwaka 1882, na hata namna ya kupigana tuliichukua kwenu: vikosi, mkuki mfupi, ngao. Nauliza kwa nia njema: kwa nini Wangoni wa Zambia hawaongei Kingoni? Nimefanya kazi na mmoja wa Chipata, alikuwa anaongea Kinsenga kabisa.

---

Kijana wa Lizaboni

Mtani, karibu sana.

Ni kweli. Wa Mpezeni wanaongea Kinsenga na Kichewa. Wa Mzimba wanaongea Kitumbuka. Na Kingoni chetu cha Songea ukimpelekea Mzulu haelewi, kwa sababu kimekaa karibu na Kindendeule na Kimatengo kuliko Kizulu. Sababu ni moja kote: waliotoka kusini walikuwa wachache. Njiani waliteka, wakaoa, wakaandikisha vijana wa makabila mengine vikosini. Mtoto akalelewa na mama Mnsenga, akaongea cha mama yake, akavaa ngao ya baba yake.

Ndiyo maana sherehe imebeba mzigo mkubwa kuliko lugha. Kilichobaki cha kusini ni majina ya koo (Jere, Gama, Zulu, Maseko), ni saluti, ni maneno ndani ya nyimbo, ni ingoma yenyewe. Mtu wa Mzimba, wa Ntcheu na wa Chipata wakikutana uwanjani, hawana haja ya mkalimani kuicheza.

---

Dada wa Mchinji

Nimeolewa huku mpakani, Malawi upande wa Mchinji, kwa hiyo Chipata ni jirani na Ncwala nimeihudhuria. Niongezee kile ambacho video hazionyeshi.

Ingoma haina ngoma. Yaani hakuna cha kupiga kwa fimbo wala kwa mkono. Mdundo wote ni miguu, njuga za miguuni, ngao na makofi ya wanawake. Februari ni masika yamekolea, uwanja una tope jekundu, na kikosi kikikanyaga kwa pamoja huwezi kusikia kishindo kikavu kama kwenye video za kiangazi. Ni zito, la chini, unalisikia kwenye nyayo zako kabla ya masikioni. Wanaume wanainua mguu juu, wanaushikilia, wimbo unashuka, halafu mguu unakuja chini wote mara moja na tope linaruka mpaka kwenye ngozi walizovaa. Wanawake wamesimama mstari pembeni, ndio wanaoongoza wimbo. Mwanamke akibadili sauti, kikosi kizima kinabadilika. Watu wanawasifia mashujaa, mimi nawasifia wale kina mama, maana bila wao wanaume wangesimama.

Wakati wa fahali watu wananyamaza kweli. Niliona wengine wamegeuza nyuso. Mama mmoja mtu mzima niliyesimama naye aliniambia nisitazame mkuki, nitazame uso wa Nkosi. Nikafanya hivyo. Ni kazi ya mfalme na anaifanya kwa uzito wote.

Marais wa Zambia huwa wanakuja, kwa hiyo ulinzi ni mkali na barabara zinajaa mapema. Mpezeni wa IV alishika kiti mwaka 1982, miaka miwili tu baada ya sherehe kufufuliwa. Kwa watu wengi wa huku, Ncwala na yeye ni kitu kimoja.

---

Nyasa Upepo

Dada asante, umenitoa machozi. Kuhusu ngozi za chui, hilo linanisumbua. Chui wamebaki wachache. Kila askari akivaa ngozi halisi tutawamaliza.

---

Dada wa Mchinji

Swali zuri. Ngozi ya chui ni ya wakubwa, askari wengi wanavaa za wanyama wadogo au za mbuzi. Hata hivyo hofu yako ina msingi. Kule Afrika Kusini waumini wa kanisa la Shembe wamepewa ngozi za bandia zilizotengenezwa vizuri sana, ukiwa mbali hutofautishi, na Walozi wa magharibi mwa Zambia nao wameanza kuzivaa kwenye sherehe yao ya Kuomboka. Kwa maoni yangu heshima haipungui. Chui porini akiisha, hiyo alama ya mfalme itabaki kuwa alama ya nini?

---

Mpenda Safari

Naombeni njia. Kutoka Songea nafikaje Chipata kwa gari?

---

Kijana wa Lizaboni

Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, halafu Tukuyu mpaka mpaka wa Kasumulu. Ukivuka, Karonga, Mzuzu, unapita Mzimba, unashuka Lilongwe, Mchinji, na Chipata iko karibu sana na mpaka. Anza mapema, Februari mvua haina adabu. Na ukipita Mzimba ujue umepita kwa Wangoni wa Mbelwa. Hao wana sherehe yao ya Umthetho, mwezi wa Agosti, kwenye mlima Hora. Kwa hiyo njia nzima kuanzia Songea ni kama unafuata nyumba ya Zwangendaba chumba kwa chumba.

---

Mtumishi wa Bwana

Mzee wa Matogoro, shikamoo. Nimesoma Walawi 23 usiku. Kwenye malimbuko sina ubishi tena. Damu bado nasimama palepale.

---

Mzee wa Matogoro

Marahaba mwanangu. Simama hapo, hakuna anayekusukuma.

Sasa nimgeukie mleta mada. Umesema Februari yetu imebaki na kaburi peke yake. Nimeisoma mara mbili. Imeniuma kidogo, ila nakuelewa. Shida ni kwamba kitu unachokitaka kinahitaji Nkosi, na Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Zambia hawakufuta, wana Baraza la Machifu mpaka leo, na serikali inamtambua Mpezeni. Kwetu nani ataonja? Ukimweka mkuu wa wilaya aonje boga, hiyo ni hafla ya kiserikali, siyo malimbuko. Halafu Songea kulikuwa na tawala mbili, Njelu na Mshope. Utaanza ugomvi uliokufa zamani.

---

Kijana wa Lizaboni

Mzee, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli na nimeifikiria sana.

Naomba nieleweke kwanza. Kaburi lile siligusi. Waliouawa tarehe 27 Februari 1906 ni wazee wetu, na nduna (jemadari) Songea Mbano ndiye aliyeachia mji huu jina. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikuja hapa Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Songea Mbano. Siku ile lazima ibaki vilevile, kilio kibaki kilio.

Lakini angalia Chipata. Nsingu naye aliuawa Februari. Wangeweza kuufanya mwezi ule wa maombolezo peke yake. Badala yake wameweka mahindi mapya na ingoma kwenye mwezi uleule waliompoteza mtoto wa mfalme, na Nsingu anaimbwa hapohapo. Mtoto wa Chipata anajua babu zake walishindwa vita, na anajua pia walilima, walifuga, walikuwa na sheria ya chakula, walikuwa na wanawake walioongoza wimbo. Mtoto wa Songea ukimuuliza Wangoni ni nani atakujibu: walipigana na Wajerumani wakanyongwa. Jibu hilo linaanzia mwisho wa hadithi.

Kuhusu nani aonje: sidai tuwe na Nkosi wa kisheria. Wazee wa mila wapo, na kila Februari tunawaona pale makumbusho wakiwa na mavazi yao, serikali inawapa nafasi yao bila tatizo. Njelu na Mshope kila upande ulete mzee wake na zao la upande wake. Waonje pamoja. Mahindi mabichi na maboga tu, bila fahali, Mtumishi awe na amani. Ifanyike siku ya kwanza ya maadhimisho, kabla ya siku ya makaburi. Mkoa huu unalisha watu wengi nchini kwa mahindi yake halafu hauna hata siku moja ya kuyaheshimu.

---

Mnyalukolo

Hapo umenena mtani. Mkifanya nitakuja na kikapu changu kutoka Iringa.

---

Mzee wa Matogoro

Wazee wawili waonje pamoja. Hilo sikuliwaza. Nitalipeleka kwa wenzangu, ila siahidi. Kuna wawili watatu wagumu.

---

Kijana wa Lizaboni

Asante sana mzee, hiyo inatosha kwa kuanzia.

Wadau wengine, nina ombi moja wakati mzee anafuatilia. Kama una bibi au babu bado yuko hai, iwe Namtumbo, Mbinga, Peramiho, Madaba au hapa mjini, muulize kama nyumbani kwao palikuwa na mwiko wowote wa kula mahindi au maboga mapya kabla ya mkubwa fulani kuonja, na nani alikuwa anaonja: baba, babu au nduna. Muulize na wimbo, kama upo. Andika hapa kama alivyosema, na kijiji chake. Mzee akienda kukaa na hao wawili watatu wagumu, asiende mikono mitupu.